Sauti ya Mama Cherehani

Mama Cherehani alikuwa analisema vibaya benchi la korido ya Baraza la Hakimiliki, kwamba fundi aliyelitengeneza hajawahi kuwa na mgongo, sauti ikamkatika katikati ya neno. Midomo iliendelea yenyewe. Wakala wake alishusha pumzi.

"Wamekirusha," alisema.

Kilikuwa kipindi cha televisheni, cha ushonaji. Mama Cherehani alikitengeneza enzi za ujana wake, baada ya kuuza cherehani zake zote. Sasa kampuni ya televisheni ya kebo ilikinasa na kukisambaza majumbani bila kumlipa mrabaha, na kila kiliporushwa, sauti ilimtoka ikaenda kusema humo. Kikiisha ilirudi, imepwaya kidogo. Daktari alimwandikia dawa ya kikohozi. Kampuni iliijua hali hiyo vizuri, na jana ilibadilisha ratiba yake ya asubuhi ili kirushwe saa ya kikao.

Baraza nalo halikuwa na mchezo. Mwenye kipindi lazima atamke mwenyewe kwamba ni chake, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Asipotamka, madai yanafutwa.

Ndani, mwanasheria wa kampuni alimtazama bibi kwa huruma ya muuza majeneza.

"Mama yetu leo kameza sindano?"

"Kaka, ngoja zamu yako," wakala alimjibu. Alichukua rimoti mezani kwa mwenyekiti bila kuomba, akawasha televisheni ya ukutani.

Kwenye kioo, Mama Cherehani wa ujanani alikuwa akichora kola kwa chaki. Yule wa kitini alifungua kinywa. Yule wa kwenye kioo akaweka chaki chini.

"Kipindi hiki ni changu," alisema. "Nimekitengeneza mimi. Hawajanilipa hata hela ya uzi."

Karani aliandika. Mwenyekiti aliuliza sauti hiyo imepitia wapi.

"Kwenye kebo yetu, mheshimiwa," alisema mwanasheria. "Na wateja wetu mji mzima wamekatiziwa somo la kola. Tunataka tuombwe radhi."

Wajumbe walinong'onezana. Mwenyekiti akasoma uamuzi: sauti iliyopita kwenye kebo ya kampuni ni ya kampuni, na kampuni haiwezi kujishtaki. Madai yamefutwa. Hata hivyo, mama akiomba radhi hapa hapa, ataongezewa muda.

Wakala alipiga magoti kando ya kiti. "Mama, sema tu, nakuomba. Tutaanza upya."

Mama Cherehani alimpapasa shavu, kama mtu anayepima kitambaa.

Mwanasheria alinyoosha mkono, akazima televisheni. "Haya, mama," alisema. "Tunakusikiliza."

Midomo ya bibi ilicheza. Jibu lilipandia dirishani, kutoka televisheni ya saluni ya ng'ambo ya barabara, ya kibanda cha mlinzi, za ghorofa za jirani, zote kwa pamoja na bila haraka.

"Siombi radhi."