Majina ya Ng'ombe wa Piyaya

Mwalimu Laurencia Tluway alirudi Karatu mwaka ule mama yake alipopooza upande wa kulia. Hakuna aliyemlazimisha. Kaka zake walikuwa Babati na Mbulu na familia zao, yeye ndiye hakuwa ameolewa, na katika ukoo wao jambo la namna hiyo halihitaji kikao. Aliomba uhamisho, akaupata upesi kuliko alivyotaka.

Aliyemsindikiza barabarani alikuwa Mwalimu Ngoitiko. Walikuwa wamefundisha pamoja shuleni Piyaya, yeye darasa la kwanza, Ngoitiko la pili, kwenye vyumba vilivyotenganishwa na ukuta usiofika darini, kiasi kwamba mmoja akicheka mwenzake alijua kilichomchekesha. Siku ile Ngoitiko alijitwika godoro la Laurencia kichwani, jambo ambalo mwanamume wa Kimasai halifanyi mbele za watu, na watu waliona. Basi lilipotokea kwa mbali, likivuta vumbi, alisema, "Mama akipata nafuu, njia unaijua."

"Naijua," Laurencia akajibu.

Hayo ndiyo waliyoambiana. Aliyarudia maneno hayo moyoni mpaka yakachakaa kama kanga ya mbeleko.

Mwanzoni walipigiana simu. Piyaya mtandao ulipatikana kilimani tu, kwa hiyo kila simu ya Ngoitiko ilikuja na sauti ya upepo na pumzi za mtu aliyetoka kupanda. Kisha simu zikapungua, na mwisho namba yake ikawa haipatikani kabisa. Laurencia angeweza kuwauliza watu. Lakini mwanamke akianza kumtafuta mwanamume kwa kuuliza watu, amejitangaza, naye hakuwa na la kutangaza. Hawakuwa wamechumbiana. Hawakuwa hata wameshikana mikono, ukiondoa salamu.

Karatu alipangiwa shule iliyo juu ya mji, jirani na mashamba ya kahawa. Darasa lake lilikuwa na watoto wa Kiiraqw wa pale pale, na watoto wa vibarua waliotoka Singida na Dodoma kuchuma kahawa. Kila asubuhi magari ya watalii yalipita yakielekea getini Ngorongoro, naye aliyatazama mpaka yakapinda kona. Yalishika njia ileile ya kwenda Piyaya, ingawa waliokuwa ndani hawakujua.

Mwalimu mkuu wake, Madam Cresensia, ndiye aliyemwingiza kwenye Jamvi la Walimu. Lilikuwa jukwaa la kwenye simu. Mwalimu mwenye mbinu iliyomfaa darasani aliiandika na kuiweka pale. Walimu wawili wa mahali pengine waliijaribu kwa watoto wao, kisha wakaandika walichokiona. Mwandishi hakujua wapitiaji ni akina nani, wala wao hawakumjua, ili asiwepo wa kupendelea wala wa kuogopa. Kilichoonekana ni jina la kata tu. Mbinu ikipita, majina yalifunuliwa na kila mtu akaitumia.

"Wewe umetoka porini kule," Madam Cresensia alimwambia wakiwa ofisini. "Huwezi kukosa cha kutufundisha."

Alikuwa nacho. Watoto wa Piyaya walikuja darasa la kwanza wakiwa na Kimasai tupu, na kitabu kiliwaanzishia picha ya embe, tunda ambalo wengi wao hawakuwahi kulionja. Miezi ilipita wakiimba irabu bila kujua wanaimba nini. Ndipo Laurencia na Ngoitiko walipokiweka kitabu pembeni, wakamwomba kila mtoto ataje ng'ombe mmoja wa kwao. Mtoto akasema *Narok*, yule mweusi. Wakamwandikia mchangani. Mwingine akasema *Naibor*, mweupe. Kila mtoto akawa na ng'ombe wake wa kusoma, kisha akatamani kusoma wa jirani yake, na kabla ya likizo darasa lilikuwa likisoma mifugo ya kata nzima. Kutoka hapo, kuvukia Kiswahili hakukuwa kazi.

Aliandika hayo jioni baada ya jioni, mama yake akiwa amekwishakula. Kadiri alivyoandika ndivyo alivyozidi kuwa Piyaya kuliko Karatu. Alisikia harufu ya samadi na maziwa kwenye mashuka ya watoto.

Mpitiaji wa kwanza alijibu kutoka Mang'ola. Alikuwa ametumia punda na majaruba ya vitunguu badala ya ng'ombe, na watoto walichangamka. Jibu la pili lilichelewa. Lilipofika, Laurencia alikuwa amesimama dukani akisubiri chenji ya sabuni, na juu ya maandishi palikuwa na neno moja: Piyaya.

Alitoka nje bila chenji.

*Ndugu mwandishi,* mpitiaji aliandika, *hapa kwetu mbinu hii si ngeni. Tunaita watoto kwa mluzi, kisha tunaingia kwenye majina. Lakini kama ulivyoiandika, haifai tena. Ukame uliua ng'ombe wengi huku. Nilipowauliza watoto majina, wengine walitaja, wengine walinyamaza. Msichana mmoja, Namelok, alilaza kichwa juu ya dawati, na kesho yake hakuja. Nilipofuatilia, mama yake aliniambia boma lao halina hata ndama. Mbinu inayomfanya mtoto aone aibu kwa alichopoteza hatuwezi kuiita mbinu bora. Naomba ufikirie upya.*

Neno moja lilimshika kwanza, mengine yote akayaacha yasubiri: mluzi. Ngoitiko aliita watoto darasani kwa mluzi wa wachungaji, ule wa kurudisha mifugo. Laurencia hakumjua mwalimu mwingine aliyefanya hivyo. Basi yupo, alijisemea. Yupo palepale.

Ndipo akasoma tena, na safari hii akawaona ng'ombe. Katika miaka yote aliyoikumbuka Piyaya, aliikumbuka ikiwa na maboma yaliyojaa. Alikuwa amewaweka wale watoto mahali ambapo hapakuwepo tena. Akaona haya, akiwa amesimama kando ya barabara na kipande chake cha sabuni.

Kanuni za Jamvi hazikuruhusu kuulizana majina. Akaandika: *Ndugu mpitiaji, nashukuru. Niliondoka huko kabla ukame haujauma, na nimeandika kama mtu aliyefumba macho. Nina swali. Ng'ombe aliyekufa, je, amepoteza na jina?* Kabla hajatuma akaongeza sentensi ambayo haikuhusu kazi: *Upepo bado unapiga mabati ya ofisi?*

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. *Nilichukua swali lako nikaenda nalo bomani kwao Namelok. Bibi yake alitaja majina ya ng'ombe wote, hata waliokufa kabla Namelok hajazaliwa. Alicheka, akalia, akaendelea kutaja. Kesho yake mtoto alikuja shuleni na majina mengi kuliko wenzake. Sasa darasani nasema: taja kitu cha nyumbani, kilichopo au kilichokuwepo. Kuhusu mabati, bado. Tumeyawekea mawe.*

*Tumeyawekea mawe.* Laurencia aliishi kwa maneno hayo mawili kwa majuma. Alikuwa akikamua kitambaa cha kumfutia mama yake, akamwona Ngoitiko juu ya paa la ofisi, mikono ya shati imekunjwa, akipokea mawe kutoka chini. Waliandikiana mara nyingi wakiirekebisha ile mbinu, mmoja akifuta, mwingine akirudisha, na hakuna aliyevuka mpaka. Lakini Laurencia alianza kuvaa vizuri kwenda kazini. Alimuuliza hata dereva wa basi la Loliondo, stendi pale Karatu, kama barabara inapitika masika.

Walipokubaliana maneno, aliijaribu mbinu mpya kwa watoto wake mwenyewe. Ester, binti wa vibarua kutoka Singida ambaye tangu aje hakuwa amesema zaidi ya "ndiyo, madam", aliandika ubaoni *bibi*. Akaiangalia kazi yake, akarudi kuipigia mstari, kisha akaeleza darasa zima jinsi bibi yake anavyosonga ugali wa uwele. Mtoto wa dawati la mbele akauliza uwele ni nini, na kipindi kikaishia hapo.

Mbinu ilipita. Ujumbe uliingia saa ya mapumziko, walimu wakinywa chai, na majina yakafunuliwa. Mpitiaji wa kwanza: Remigius, Mang'ola. Mpitiaji wa pili: Lightness Aloyce, Piyaya.

Laurencia alilisoma jina lile, akaufunga ujumbe, akaufungua tena.

"Imepita?" Madam Cresensia aliuliza.

"Imepita."

"Mbona umenyong'onyea?"

"Chai ina moto," alisema.

Mchana huo Lightness mwenyewe alimpigia. Upepo ulikuwa uleule, na pumzi za mtu aliyetoka kupanda kilima.

"Shikamoo Mwalimu Laurencia."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nilitamani sana kujua ni nani. Kumbe ni wewe. Mimi naishi kwenye nyumba uliyokaa, dada. Watoto wakubwa bado wanakutaja." Sauti yake ilikuwa changa, yenye lafudhi ya Singida. "Nilipoisoma ile mbinu niliogopa kuikosoa. Nikasema, huyu anaijua Piyaya kuliko mimi."

"Ulifanya vizuri kuikosoa. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma." Laurencia akaibana simu sikioni. "Na ule mluzi, ulijifunza wapi?"

"Kwa Mwalimu Ngoitiko. Nilipofika alinifundisha muhula mzima, mdomo ukaniuma. Hata majina ya ng'ombe nilianzishiwa na yeye. Alisema ni ya kwake na mwalimu mmoja aliyehamia Karatu." Upepo ukavuma simuni. "Yeye naye alihamia Sale mwaka jana. Ameoa huko, wana mtoto mchanga. Nikutumie namba yake?"

Gari la watalii lilipita. Laurencia alingoja vumbi litulie, kana kwamba vumbi ndilo lililomzuia kusema.

"Nitumie," alisema.

Hakuipiga. Namba ilikaa kwenye simu, naye akaendelea kufundisha, kupika, kumgeuza mama yake kitandani. Hakuwa na hasira, kwa maana hakuna aliyemdanganya. Yule mtu wa kumngoja kule kilimani alikuwa amemweka yeye mwenyewe, na sasa ilimbidi amtoe mwenyewe, na kila alipojaribu alikuta mtu huyo ni mzito kuliko alivyodhani. Kilichomuuma zaidi ni kitu kidogo: kwamba aliyeyawekea mabati mawe alikuwa mtu mwingine, na yeye alikuwa amemwona Ngoitiko kabisa, na shati lake.

Lakini kwenye Jamvi mbinu ilikuwa na jina la mwandishi mmoja, na haikuwa ya mtu mmoja. Hilo halikumpa usingizi. Jumamosi asubuhi alimtumia Ngoitiko maandishi yote bila kupamba: *Mwalimu, kazi hii tuliianza wote. Naomba uipitie, nami niongeze jina lako.*

Majibu yalikuja siku ya pili, yeye akiwa ametoka misa ya kwanza.

*Mwalimu Laurencia. Nimeisoma nikiwa mpitiaji, kisha nikaisoma nikiwa mimi. Sina cha kusahihisha, ila mmesahau mbuzi. Watoto wengi walibaki na mbuzi. Jina langu liweke baada ya lako. Huku tunapanda maharage. Nimefurahi kuona bado unaandika kama unavyoongea.*

Aliongeza mbuzi. Aliongeza jina. Akaandika, *Asante, mwalimu. Msalimie mama mtoto,* akatuma kabla hajapata nafasi ya kuongeza lingine.

Mama yake alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Ulimi wake ulikuwa umerudi nusu, na alizungumza Kiiraqw taratibu, kama mtu anayeteremka mlima wenye utelezi.

"Nani huyo?"

"Mwalimu mwenzangu, ayo," alijibu, akimwita mama kwa Kiiraqw. "Wa kule Piyaya."

Mama aliitazama simu mkononi mwa binti yake. "Ulimpenda," alisema.

Laurencia aliiweka simu dirishani. Hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sauti, hata yeye.

"Ndiyo, ayo," alijibu. "Sana."

Mama aliunyoosha mkono wake mzima, Laurencia akaupokea, akapitisha mkono mwingine chini ya mabega yake, akamgeuza polepole upande wenye jua.