Baragumu na Kona ya Fagavaoa

Kwetu Fagavaoa wananiita Lagi Mpekuzi, na jina hilo sijalikataa hata siku moja. Nikiona kitu nataka kujua kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Mume wangu Saunoa husema ningekuwa askari wa upelelezi, wezi wote wa kisiwa chetu cha Upolu wangehamia kile cha pili, Savai'i. Lakini kuna jambo moja niliambiwa nisilichokonoe, na ndilo lililoninyima usingizi mwaka mzima.

Mwaka jana Fetuao, binti wa kaka yangu, aligongwa na gari akafa kwenye kona ya kanisa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivuka barabara kuwaswaga nguruwe warudi zizini. Aliyemgonga ni Pesamino, kijana wa kijiji cha pili, msambazaji wa mikate. Alfajiri yake ukoo mzima wa Pesamino ukaja kufanya ifoga. Waliketi chini mbele ya nyumba ya kaka, kijana yuko katikati, kafunikwa mkeka wa thamani gubigubi, na jua likawapanda migongoni. Aliyekosa hujitoa hivyo, na wenye msiba ndio wanaoamua kama ni panga au ni msamaha. Kaka yangu Vaovasa, mkuu wa kijiji, alitoka ndani macho mekundu, akauinua ule mkeka kwa mkono wake mwenyewe. Tulilia sote. Na mkeka ukishainuliwa, kwetu basi, neno halitajwi tena. Funika kombe mwanaharamu apite.

Haya, nikanyamaza. Miezi minne haijaisha, pikapu ikaruka mtaro palepale, mzee wa watu akavunjika nyonga. Kabla ya Fetuao zilikuwa zimetokea mbili. Ajali nne kwa miaka mitatu, kona moja! Saunoa hupita hapo kila jioni akitoka kazini mjini Apia. Nikawa nalala najiuliza, safari ijayo atakufa yeye, au ataua mtoto wa mtu?

Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wazee walisema ni jini la kike lenye nywele ndefu, linakaa kwenye mshelisheli wa pale konani. Mchungaji alisema ni pombe. Saunoa naye akasema tangu serikali ituhamishe kutoka kuendesha mkono wa kulia kwenda wa kushoto, watu hawajazoea. Nikamwambia, mume wangu, hayo ya kale, waliozaliwa mwaka ule sasa wanaota ndevu. Na Pesamino hajawahi kuonja hata bia. Ama hilo jini, jini gani linalopumzika Jumapili? Maana nilikaa nikakumbuka ajali zote nne, na hakuna hata moja ya Jumapili. Zote zilitokea jioni, jua bado lipo, barabara kavu. Hapo udadisi ukanishika shingoni.

Nikahamisha meza yangu ya kuuza koko, ile kakao ya moto, na chapati za maji, nikaiweka ikitazama kona. Nikawa nahesabu. Gari likipita lango la kanisa naanza moja, mbili, tatu, mpaka lifike kwenye mshelisheli. Mchana nilikuwa napata kumi, kumi na moja. Wateja wakadhani nimerukwa na akili. Mmoja akaniuliza kama nahesabu dhambi zangu, nikamjibu nahesabu zako, ndiyo maana simalizi. Wiki ya kwanza sikuambulia kitu. Wiki ya pili nikaanza kuona kwamba baragumu la kwanza likishalia, hesabu inashuka, magari yanakimbia. Nane. Sita. Jioni moja ya Alhamisi nilipata nne.

Baragumu letu ni kombe la baharini, hupulizwa kila jioni. La kwanza ni la kuwarudisha watu nyumbani; Jumapili halimkuti mtu njiani, wote wako kwao. La pili, maombi yanaanza kila nyumba, na vijana wanasimama barabarani na virungu. Vijiji vingine huyaacha magari yapite. Sisi hapana. Gari likikutwa njiani linazuiwa mpaka maombi yaishe, dereva anatozwa nguruwe, na jina lake linatajwa mbele ya baraza. Kaka yangu ndiye aliyeitunga sheria hiyo, miaka mitatu iliyopita. Wageni wanatusifia utulivu wetu.

Miaka mitatu. Niliacha koko ikafurika jikoni, nikazihesabu ajali upya kwa vidole: zote nne zilikuja baada ya sheria.

Bado nilitaka kusikia kwa mwenyewe. Nikapanda basi hadi kwa Pesamino, nikamkuta kwenye tanuri anakanda unga. Aliponiona mikono ikasimama. Akanikumbusha kwa adabu kwamba lile jambo limekwisha. Nikamwambia najua mwanangu, sijaja kulifufua, nina swali moja tu: siku ile, ulikuwa unakimbilia wapi?

Akajipangusa unga mikononi. "Baragumu la pili lilikuwa karibu, mama. Na nguruwe tuliyekuwa naye ni mmoja, wa harusi ya dada."

"Na mbona hukusema?"

"Chini ya mkeka mtu hajitetei."

Nilirudi na hilo neno tumboni. Kwetu dada ni agano kwa kaka yake, akisema jambo si rahisi kulikataa. Nikaenda kwa Vaovasa, nikakaa barazani kwake, na pale mbele yetu ndipo lilipo kaburi la Fetuao, vigae vyeupe, maua mabichi kila asubuhi. Mdomo huu unaojulikana hadi Apia ukawa mzito. Utamwambiaje baba kwamba amri yake mwenyewe imo kwenye kifo cha mwanawe? Nikazungukazunguka, nikaishia kumwomba tu afungue barabara wakati wa maombi. Akanisikiliza kwa heshima yote, akakataa kwa heshima ileile. Alisema sheria ile ndiyo inayotutofautisha na vijiji visivyo na mwenyewe. Nikaaga. Nilijichukia njia nzima kwa woga wangu.

Wiki iliyofuata kaka alikuwa na kikao Apia, nami nilikwenda kununua sukari. Jioni tukarudi na Saunoa kwenye pikapu, sisi watatu tumebanana mbele, mimi katikati. Njiani palikuwa na foleni, wanatengeneza daraja. Jua likaanza kushuka. Kaka akatazama saa. Akatulia kidogo, akaitazama tena.

"Shemeji, hili gari lako linatambaa kama kobe," akasema.

Saunoa akacheka, akaongeza mwendo kidogo. Tukavuka kijiji cha pili. Kwa mbali likasikika baragumu la kwanza, na nikamwona kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, anaegemea mbele kama vile atalisukuma gari kwa kifua.

"Kanyaga, Saunoa."

"Mkuu, kona ile pale..."

"Kanyaga nimesema. Nikikutwa njiani mimi, uso nitauficha wapi?"

Saunoa akakanyaga. Lango la kanisa likapita. Sikukusudia, lakini mdomo wangu ukaanza wenyewe: moja, mbili, tatu. Mbele yetu mwanamke akatokea akivuka, ametoka kuoga kwenye chemchemi, mtoto kambeba kiunoni. Saunoa akakandamiza breki kwa nguvu zake zote. Gari likaserereka ubavu, mawe yakaruka, likasimama. Kati ya mwanamke yule na sisi palibaki hatua tatu. Alitutazama, akamkumbatia mtoto, akamalizia kuvuka bila neno.

Nikasema, maana nisingesema siku ile nisingesema tena.

"Kaka, ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Swali gani hilo? Kwenye maombi."

"Na Pesamino je?"

Baragumu la pili likalia, refu. Kaka akafungua mlango akashuka, akasimama katikati ya lami. Vijana wa zamu wakaja mbio na virungu vyao, na walipoona ni nani, wakaanza kurudi kinyumenyume na kuomba radhi. Akawaambia wasiombe radhi, amechelewa, jina lake litajwe barazani na nguruwe atamtoa. Halafu akanigeukia.

"Ulimuuliza yule kijana?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Alisema chini ya mkeka mtu hajitetei."

Vaovasa alikaa chini palepale, kwenye lami, na nguo yake ya kikao. Akamwita Fetuao kwa jina, mara ya kwanza tangu tumzike. Alilia kwa sauti kama watoto wanavyolia, na majumbani nyimbo za maombi zilikuwa zimeanza. Vijana wakageuza nyuso zao. Nilikaa kando yake nikamshika mkono, nami nikalia, kwa uchungu wake na kwa kuwa nilikuwa nimemficha wiki nzima.

Jumatatu akalisema jambo hilo mwenyewe barazani, pamoja na jina la bintiye. Wapo waliopinga, wakasema heshima ya kijiji itapotea. Aliwasikiliza hadi wa mwisho, kisha akawauliza ni nani kati yao yuko tayari kumtoa mwanawe kwa heshima hiyo. Sheria ikafutwa palepale. Baragumu linapulizwa hadi leo, ila hakuna gari linalozuiwa wala nguruwe anayetozwa. Aliye njiani aje taratibu, na akifika atawakuta watu wake.

Jioni ya kwanza bila sheria ile, Saunoa hakuonekana. Tukaimba bila yeye, tukaomba bila yeye, watoto wakamaliza samaki, na mimi masikio yote yako barabarani. Miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kukosa maombi. Giza lilikuwa limeshaingia alipokuja kuegesha, polepole, taa zikiwaka.

"Saa hizi ndiyo unarudi?" nikamfokea, kwa mazoea tu.

"Watoto walikuwa wanavuka pale konani," akasema. "Nikawangoja."

Nikaingia jikoni kumpashia majimbi, huku nikihesabu hatua zake akija mlangoni, moja, mbili, tatu, bila haraka.