Glavu za Ensio

Taimi aliteremka nami handakini kwa gari, pochi magotini. Mumewe, Ensio, alichimba mashimo ya handaki hili hadi alipostaafu, akafariki majira ya baridi yaliyopita. Mimi kazi yangu ni udongo wa kujazia, na nilimpeleka akaone mahali pa mumewe kabla hatujapaziba.

Zaidi ya mita mia nne chini ya misonobari yetu, nilimmulikia shimo la mwisho la Ensio: la duara, kina mita nane. Humo litashushwa kasha la shaba lenye taka za mionzi, lizungushiwe udongo unaovimba ukilowa, kisha handaki zima lijazwe.

"Mbona mashimo yameachana hivi?" aliuliza. "Si nafasi inapotea bure?"

"Kila kasha lina joto lake. Yakisongamana, udongo utaharibika."

Akacheka. "Kama mimi na Ensio. Kitanda kimoja, kila mtu na blanketi lake."

Kisha akatoa pochini glavu za sufu za kijivu. "Nilimfumia mwenyewe. Nataka zibaki humu."

"Haiwezekani, Taimi."

"Glavu tu, Veijo! Zitawadhuru nini?"

"Sufu ni chakula cha bakteria, na wanachotoa kinaweza kula shaba. Hatuachi hata njiti ya kiberiti. Ensio aliwahi kunifokea kwa ganda la chungwa, mbele ya wote."

"Ensio? Nyumbani soksi zake nilizikuta mpaka juu ya friji!"

Tulicheka, kisha akazitazama glavu. "Kwa hiyo hakuna chake kitakachobaki."

"Shimo ni lake. Litadumu kuliko sisi sote."

Aliinama, akaupapasa ukingo wake laini kwa muda mrefu. Mimi nikapiga simu juu kuomba ruhusa ya kumpa jiwe. Kabla ya kuchimba shimo kubwa, Ensio alitoboa jembamba la majaribio, na mawe yaliyotoka humo yalikwisha kupimwa. Tulipofika juu nikamkabidhi kipande kimoja, cha mviringo, unene wa kifundo cha mkono.

"Jiwe hili limetoka kwenye shimo lake."

Akalitia ndani ya glavu. "Asante, Veijo. Nitaliweka kwenye jiko la sauna, bafu letu la mvuke, pamoja na mawe mengine ya moto."

"Usithubutu, litapasuka!"

"Basi litakaa kwenye benchi, pale pembeni alipokaa yeye," alisema. "Naye hakupenda kukaa karibu na jiko."