Jina la Mbeba Kiti

Wegesa alikuwa anaanua dagaa uwanjani kwake Kiriba, mjukuu akilia mgongoni, wakati yule bibi wa kizungu aliyekufa zamani za ukoloni alipoingia. Alikuja amekaa kwenye kiti chake cha kubebwa, kilichopita Bunda juzi kikielea usawa wa mabega, bila mtu chini yake. Njiani bodaboda walikipigia honi wakakipita. Kona ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imeinama kama kawaida, maana aliyeishika enzi zile alikuwa mfupi.

Kiti kikatua. Kila kiangazi mzungu alikuja kutazama watu wanavyoishi. Aliuliza kwa nini muhogo unalowekwa na dagaa zinageuzwaje, maswali yale yale ya mwaka jana, na Wegesa akajibu bila kuinua kichwa. Hakuwa na nguvu ya kumshangaa mtu. Mtoto halali, hanyonyi, anazidi kukonda. Ukoo ulijua kwamba anataka jina. Walimwita Masatu, wakamwita Mseti, wakawamaliza wafu wote waliowakumbuka, naye analia tu. Alibaki mmoja: babu yao aliyechukuliwa kubeba kiti hiki na hakurudi. Kwa kuwa hakuwa na kaburi, wazee waliogopa kumtaja, na wakaogopa mpaka wakalisahau jina lake.

"Bibi," Wegesa alisema, "yule mfupi wa mbele kushoto, alikuwaga anaitwa nani?"

Mzungu alifurahi kuulizwa. Alikumbuka mengi: mvua iliyowakuta Butiama, rangi ya shanga za wanawake, mbwa wake Molly aliyezikwa Musoma chini ya jiwe lenye jina lake. Akaeleza jinsi yule mfupi alivyoshikwa na homa, akabeba kiti kutwa nzima anatetemeka, kisha akaanguka porini wakamwacha.

"Mtu mwema sana," alisema. "Hakulalamika."

"Jina lake, Bibi."

"Tulimwita Boi."

"Hilo la kwenu. La kwao je?"

Mzungu akafikiri kwa bidii, na kwa moyo mzuri kabisa. "Boi," alisema tena. "Alikuwa anaitika vizuri."

Wegesa alikasirika, lakini hasira nayo inataka mtu aliyepata usingizi. Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata. Siku nyingine angeona bora ajikate ulimi kuliko kulitamka.

"Boi," alimwita kwa sauti ndogo.

Mtoto akanyamaza. Mama yake, Pelagia, akatoka mbio jikoni akidhani amekufa. Akamkuta macho makavu, anatafuta ziwa. Akampa, akanyonya.

"Amekubali lipi?" Pelagia aliuliza.

Wegesa alikuwa anatazama kiti. Kilikuwa kimeinuka chenyewe, kona ile fupi ikitangulia, kwa haraka ya mtu anayeogopa kugombezwa.

"Bado sijaita," alisema mzungu.