Vumbi la Sonara

Msinione nimevaa sketi ya kupigwa pasi mkadhani mimi ni mpole. Upole huo sina. Lakini asubuhi ile nilikuwa mpole kama maji ya mtungini, maana nilikuwa naanza kazi, tena kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na bosi alishaniambia waziwazi: wiki moja ya majaribio, ukinifaa utabaki, usiponifaa tutaagana vizuri.

Mnajua kukaa nyumbani na cheti? Hamjui. Unaamka unamkuta mama anaosha vyombo kwa hasira, kila sahani inataja jina lako. Majirani wa mtaani kwetu Nyasubi wanakuuliza, "Nelly, bado tu?" kana kwamba nimebeba mimba iliyopitiliza. Na mama alishaapa: nikiikosa na hii, nitamfuata mjomba Buseresere nikauze naye dagaa. Mimi harufu ya dagaa hata kwenye ugali siitaki.

"Nyota njema huonekana asubuhi," mama akaniambia mlangoni. "Usingoje kutumwa. Ukifika tu, shika ufagio."

Basi nikashika ufagio.

Duka lenyewe ni la sonara, Mzee Hozefa, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Kahama, anayekijua Kisukuma kuliko mimi. Mbele anauza pete na mikufu. Nyuma ya pazia fundi wake, Kalisti, anakata, anachoma na kupiga tupa. Siku hiyo Kalisti alinifungulia mlango, akasema anakwenda kunywa chai, bosi yuko njiani. Nikavuta pazia. Mama yangu! Vumbi lile! Limejaa chini ya meza ya fundi, limejaa kwenye pembe, na gunia lililotandikwa miguuni limeshiba vumbi mpaka limekakamaa. Nikajisemea, watu hawa dhahabu wanayo, ila ufagio hawana.

Nikafagia. Nikaingia uvunguni kwa magoti, na sketi yangu hiyohiyo. Gunia nikalikung'uta, vumbi lote nikalizoa kwenye ndoo. Bujiku, yule baba wa mkokoteni wa taka, alikuwa anapita.

"Mwangaluka, baba!" nikamwamkia kwa Kisukuma. "Nisaidie na huu uchafu."

"Mwangaluka, mayu. Lete."

Akaumimina kwenye kiroba, kiroba akakirusha juu ya mzigo wake, akaondoka. Mimi nikapiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Nilijisikia kama nimeshaajiriwa.

Mzee Hozefa akaingia. Nikapiga goti, "Shikamoo, mzee." Alitazama sakafu. Akainama akatazama chini ya meza. Akavua kofia yake nyeupe, akaketi palepale kwenye sakafu iliyolowa.

"Binti," akasema polepole, "vumbi langu liko wapi?"

"Nimelitupa, mzee!" nikajibu kwa furaha.

Kalisti ndiyo kwanza anarudi na kikombe chake. Alipiga ukelele, chai yote ikamwagika. Ndipo nikaelezwa. Kila tupa inapopita kwenye pete, unga wa dhahabu unadondoka. Huwezi kuuokota, kwa hiyo unaachwa ulale na vumbi, na mwaka ukiisha vumbi lote linaoshwa kwenye karai kama mchanga wa machimboni. Masonara wote wanafanya hivyo. Dhahabu inayopatikana ndiyo sikukuu ya Kalisti na watoto wake. Nami nilikuwa nimewafagilia sikukuu yao, na harufu ya dagaa nikaanza kuisikia mlemle dukani.

Sikungoja kufukuzwa. Nilivua viatu nikatoka mbio.

Bujiku nilimkuta dampo, nyuma ya soko, anakunja viroba vitupu.

"Baba, kile kiroba changu!"

"Nimeshamwaga, mayu. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi," akacheka, akanionyesha kwa kidole. Vumbi langu lilikuwa limelala juu ya kabichi zilizooza. Nikapiga magoti, nikaanza kulizoa kwa mikono.

Akatokea kijana mmoja, mabuti ya mpira miguuni, mchimbaji mtupu. "Dada, unatafuta nini humo?"

Nilikuwa na hasira, jamani. Hasira ya kabichi, ya mama, ya kila kitu. "Dhahabu!" nikamfokea. "Kwani wewe unaona natafuta nini?"

Neno hilo huku kwetu halisemwi kwa hasira. Wala kwa utani halisemwi. Kijana alinitazama, akaitazama sketi yangu, akatoa simu. "Rashi! Rashi imetoka dampo! Hata wa maofisini wameshaanza kuchimba!" Rashi kwetu ni watu kukimbilia dhahabu mpya. Kufumba na kufumbua, watu hao wanakuja, waliotoka Bugarama, waliotoka Geita, wengine sijui walikuwa wanaelekea wapi. Masululu, machepe, makarai. Mama lishe akahamisha sufuria zake na moto wake. Mzee mmoja mrefu anayeitwa Ignas akajipa uenyekiti bila kupigiwa kura, akaanza kugawa viwanja kwa kamba.

Nikapanda juu ya lundo. "Jamani, nisikilizeni! Hapa hakuna machimbo! Ni vumbi la sonara, nimelitupa mwenyewe kwa ujinga wangu!"

Ignas akatabasamu, akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Anayejua dhahabu ilipo, lazima aseme haipo."

"Loo, huyu anaijua!" mmoja akadakia, na masululu yakashuka kwa nguvu mpya.

Nikataka kulia. Lakini wachimbaji, pamoja na wazimu wao, wana sheria, na aliyegundua hadhulumiwi. "Dada ndiye mgunduzi," Ignas akatangaza. "Achague duara lake la kuchimba kwanza. Atakayemgusa atanitambua mimi." Nikachagua palepale nilipopigia magoti. Nikawekewa mabaunsa wawili kulinda kishimo changu, na mmoja akanishikia kiroba mdomo wazi huku mimi nazoa. Nilizoa vumbi, nikazoa maganda ya ndizi, nikazoa na kandambili moja, nikajitwisha.

Dukani nilikitua kiroba mbele ya Mzee Hozefa, nikasimama nikingoja kuagwa vizuri. Machozi yalikuwa karibu, nasema kweli. Yeye akaingiza mkono, akatoa jani la kabichi, akaligeuzageuza.

"Kabla yako alikuwepo kijana mmoja," akasema. "Naye alifagia. Akaniambia, mzee, ngoja nikalifuate. Mpaka leo namngoja."

Kalisti akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe umerudi," Mzee Hozefa akaendelea, "tena umerudi na mboga. Nawa mikono, kaa kaunta. Majaribio yamekwisha."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilinawa mikono mpaka viwiko, nikakaa kaunta, nikajikaza nisicheke peke yangu. Sijakaa sana, mlango ukapigwa teke. Mama! Karai kichwani, kanga kiunoni, matope mpaka kifuani.

"Nelly! Achana na vipete vya watu! Kuna rashi dampo! Kuna binti amegundua, wanasema mkorofi huyo, kapewa duara la kwanza, kaondoka na kiroba kizima! Nimekushikia nafasi, twende!"

Mzee Hozefa aligeukia ukutani, mabega yanatikisika.

"Unangoja nini?" mama akafoka.

"Mama," nikasema, "siwezi kutoka. Niko kazini."

Akashusha karai taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hebu sema tena."

"Niko kazini, Mama."

Akatoka nje. Tukamsikia barabarani, sauti yake inafika mpaka stendi: "Mwanangu yuko kazini, jamani! Nelly wangu yuko kazini!" Kisha akarudi, hanitazami usoni, macho yamemlowa, akaokota karai lake akajitwika.

"Fanya kazi yako," akasema. "Duara nitachimba mwenyewe."