Misuko Isiyovumilia Uongo

Donatille alikuwa akimsuka mdogo wake Jolie mbele ya kibanda chake cha kusukia katika mtaa wa Ndosho, vumbi jeusi likipanda kila pikipiki ilipopita. Tangu mabomba yakauke na watu waanze kuchota ziwani, kipindupindu, au kolera, kilikuwa kimeingia mtaani. Jolie alimpakata bintiye Igihozo, mtoto ameharisha tangu alfajiri, macho yamezama.

«Mupeleke kwenye santre ya kolera,» Donatille alisema.

«Kule banaua batu na serumu ya mu mushipa. Pasta alisema. Na iko kwenye WhatsApp.»

Misuko yote ikafumuka. Haikukatika, ilijiachia tu, meshi, zile nywele za kuongezea, zikamwangukia Jolie mabegani. Donatille akadhani hakukaza vizuri. Akasuka upya mistari michache, ikashika, akaanza kushuku.

«Rudilia vile Pasta alisema.»

Jolie akarudia. Ikafumuka tena. Donatille akasuka mara nyingine, safari hii akikaza meno.

«Sasa sema: serumu inarudisha maji mu mwili.»

Jolie alisema shingo upande. Misuko ikashika, tena ikakaza hata akakunja uso. Akajipapasa kichwa. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki hadi kituo hicho cha matibabu, nusu ya kichwa chake ikiwa haijasukwa. Igihozo alirudi kutoka huko akidai sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Basi akina mama wakaanza kuleta kwa Donatille kila walichosikia, wakikisema huku wakisukwa. Kwamba pombe kali huua kolera: ikafumuka. Kwamba ugonjwa umeletwa na wageni kwa magari meupe: ikafumuka mpaka kwenye mizizi. Redio ilisema watu wanawe mikono kwa sabuni, ikashika. Muuguzi Olive, aliyekuwa akizunguka na kipaza sauti huku akizomewa, alikuja akakaa asukwe, akasema yote aliyoyajua. Hakuna hata unywele uliotikisika.

«Hii yote nilikuwa naisema tangu mwanzo,» alisema.

«Ni kweli, dada,» Donatille alimjibu. «Lakini ulikuwa unaisema bila kusukwa.»

Tangu hapo watu walipanga mstari ziwani Olive awatilie klore ya kuua vijidudu kwenye mabidon yao ya maji. Pasta naye, baada ya mke wake kufumuka katikati ya kwaya akiimba kwamba serumu inaua, aliwatangazia waumini kwamba mgonjwa apelekwe santre kwanza, maombi yatamfuata huko. Ugonjwa ukarudi nyuma, avenyu baada ya avenyu. Siku kitanda cha mwisho cha santre kilipobaki wazi, Ndosho ilitoka barabarani kwa ngoma na vigelegele. Jolie alimbeba Olive mgongoni, wazee wakacheza mpaka viatu vikakatika, na Donatille akalia hadharani bila kuona haya.

Katikati ya shangwe akafika mkubwa mmoja wa ofisi ya maji, akapanda kwenye kiti.

«Juma ijayo,» alisema, «maji itafika kwenye mabomba yenu.»

Vichwa vyote vikafumuka pamoja. Meshi zikalala juu ya mawe ya lava. Mkubwa akawashukuru kwa kumsikiliza vizuri, akaondoka.

Mpaka leo, kila anapokuja kutoa ahadi hiyo, ambayo hajawahi kuibadilisha, akina mama humpokea kwa heshima wakiwa hawajasukwa. Humpigia makofi, humsindikiza mpaka kwenye gari. Kisha hushuka ziwani na mabidon, hutiliwa klore, hupanda mlima wakiimba, na watoto wao hunywa wakaishi.