Gauni Lililojifumua

Jirani wa mlango wa pili anadai gauni lilikuwa likilia ndani ya mfuko. Halikulia. Lilijifumua, na nesi aliandika saa: nne na dakika kumi asubuhi.

Binti wa fundi cherehani, miaka ishirini na mbili, alifanya usafi kwenye ofisi ya meneja wa ghala. Jana yake meneja alifunga mlango akambaka. Binti hakuoga, alishasikia redioni kwamba usioge. Lakini mama yake hajawahi kuona nguo imechanika akaiacha. Alfajiri alilishona gauni lililochanwa begani.

Hospitalini nesi hakuwapanga foleni. Aliwaingiza kwenye chumba chenye mlango unaofungwa, akampa binti dawa za kuzuia virusi na mimba, na kila mara kabla ya kumgusa aliomba ruhusa. Kisha akalikagua gauni.

"Mama, umeushona ushahidi."

"Mkono umezoea, mwanangu," mama akasema, akaukalia huo mkono.

Nesi akalitia gauni kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huivundisha nguo. Kabla hajaufunga, uzi ukaanza kutoka, mshono kwa mshono, ukajiviringa mezani. Bega likafunguka vilevile lilivyochanwa. Nesi akaandika, akafunga, akapiga mhuri.

"Uzi wangu huo," mama akasema. "Ukiambiwa fanya, unafanya."

Sasa, hata suti za meneja alizishona yeye. Dakika ileile, katikati ya kikao cha wakuu, koti lilidondosha mkono mmoja, likadondosha wa pili, suruali ikafuata. Akabaki na tai, ambayo ilikuwa ya dukani.

"Mwenzangu, miguu yenyewe kama ya stuli!" jirani alikuja hospitalini kusimulia.

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake wa wodini wakapiga vigelegele, na daktari aliyekuja kuwanyamazisha akasahau alichojia.

Wiki ile meneja alileta suruali sita zishonwe. Mama alizirudisha hazijashonwa, na sindano juu yake.

Meneja bado ni meneja. Huenda kazini amejifunga shuka, na mlinzi humpigia saluti.

Kila Jumatatu binti huvaa gauni jipya, jekundu, akasimama wima kwenye kaunta ya polisi. Afande anamjua, hufungua daftari, hulifunga.

"Afande, mfuko uko hospitali, una mhuri. Naomba mkauchukue leo."